Tamthilia ya Juda: kwa nini vampaya wanakatazwa kumng'ata Myahudi?

#1 Mkazi wa Magomeni
Wakuu, salama?

Nimemaliza msimu wa kwanza wa Juda, tamthilia ya Waisraeli ya mwaka 2017. Kwa ambao hawajaiona: Juda ni mhuni wa mjini, mcheza kamari. Anakwenda Romania kucheza poka, anapiga pesa ndefu, usiku huohuo anaopolewa na mrembo, kumbe mrembo ni vampaya. Anang'atwa. Anarudi kwao Israeli mwili umeanza kubadilika, na nyuma kuna balaa linamfuata, maana vampaya wenyewe wana sheria yao ya zamani: Myahudi haguswi.

Swali langu ni hilo katazo. Linatoka wapi? Mimi nasema ni sheria ya chakula. Torati imemkataza Myahudi damu, sasa ukimgeuza kuwa mnyonya damu umezalisha kiumbe ambaye hata kula hawezi. Njooni mnipinge.

#2 Kobe Mtulivu
Nimeweka kigoda hapa mbele. Waliosoma waanze.

#3 Bi Shemeji
Msisahau aliyeibuni ni mchekeshaji, Zion Baruch, na ndiye anayeigiza Juda mwenyewe. Mtu wa vichekesho akikuta jambo lililokatazwa mara mbili, na dini na mizimu, haliachi lipite. Mwongozaji ni Meni Yaish, ambaye mwaka 2012 alipeleka Cannes filamu yake kuhusu vijana wa mji wa Bat Yam, Israeli, wanaolinda dini mtaani kwa ngumi. Kwa hiyo hawa watu wanaijua dini ya kijiweni, ile ya mtu anayetukana na kubusu mezuza, kile kijaluba cha maneno ya Torati mlangoni, kwa mpigo mmoja. Katazo limewekwa ili tucheke, mengine mnajitwisha.

#4 Fundi Saa
Mbona rahisi. Vampaya asili yao Romania, hata aliyeandika Dracula alikuwa Mromania. Na Wayahudi walikuwa wengi sana kule zamani. Majirani wa miaka mingi, lazima kulikuwa na makubaliano: nyie msituguse, sisi tusiwaguse.

#5 Msomaji wa Usiku
#4 punguza mwendo mkuu.

Bram Stoker, aliyeandika Dracula, alikuwa Mwairishi, mtu wa Dublin, na Transylvania anakotoka Dracula wake hakuwahi kuikanyaga. Kitabu kilitoka 1897, wakati huo Transylvania ipo upande wa Hungaria. Romania iliipata 1918.

Hilo la ujirani mwema sasa. Juni 1941, katika mji wa Iași, Romania, Wayahudi zaidi ya 13,000 waliuawa, wengine wakifungiwa kwenye mabehewa ya treni juani mpaka wakafa kwa kiu na kukosa hewa. Hakukuwa na vampaya pale. Walikuwa askari, polisi na raia. Ukilijua hilo, hata mzaha wa Myahudi anayekwenda Romania kujivinjari na kurudi ameng'atwa unaonja ladha nyingine.

#6 Fundi Saa
Sawa mwalimu. Lakini walikuwa wengi, hilo hujalikana.

#7 Kijana wa Arava
Naunga mkono #1. Nilikuwa Israeli kwenye mafunzo ya kilimo, bonde la Arava, na jikoni nilisaidia sana. Nyama hailiwi hivihivi. Inalowekwa majini nusu saa, inapakwa chumvi nene inakaa saa nzima, halafu inasuuzwa, yote hiyo kutoa damu. Siku hizi nyingi inauzwa imeshafanyiwa hivyo. Ini ndilo lenye kesi kubwa zaidi, chumvi haitoshi, lazima lipite kwenye moto. Na yai unalivunja kwanza kwenye kikombe kando. Ukiona tone la damu, linakwenda na maji. Mpishi wetu alikuwa mzee wa Kimoroko, alinifokea kwa yai moja utadhani nimeua mtu.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, mwambie kuanzia leo chakula chako ni shingo.

#8 Mtemi Mdogo
Wachaga huu uzi hauwahusu, rudini kwenye kisusio chenu, supu ya damu 😂😂

#9 Mangi wa Kibosho
Kisusio ni afya, wewe endelea na kisamvu chako. Mbona Wamasai huwasemi, wanachanganya damu na maziwa mchana kweupe na hakuna aliyewatungia tamthilia.

Ila kwa uzito, mimi ni Mkristo wa kusoma. Walawi 17:14 inasema uhai wa kila mwenye mwili ni damu yake, na atakayeila atakatiliwa mbali. Mwanzo 9:4 Nuhu aliambiwa hivyohivyo kabla hata ya kuwepo Myahudi. Na Matendo 15:29 mitume wanarudia kwa watu wa mataifa. Kwa hiyo kama sababu ni sheria ya damu, vampaya wasingetakiwa kumgusa hata Mlutheri.

#10 Sheikh Baharia
Mangi umegusa penyewe. Na sisi Waislamu vilevile, Al-Maida aya ya 3 imeharamisha nyamafu na damu, na Al-An'am 145 imefafanua kuwa ni damu inayomwagika. Basi vampaya ale nani? Wahindu? Kanuni hii ikifuatwa Zanzibar nzima tungekuwa salama. Mbona popobawa hakuiheshimu mwaka 1995?

#11 Bi Shemeji
Popobawa hakuja kwa damu yakhe, tusifungue hiyo mada mbele ya watoto.

#12 Karani Mstaafu
Ngojeni niwavuruge kidogo. Nimefanya kazi miaka mingi maktaba ya seminari, na kwa kukosa wateja nilisoma vitu vya ajabu.

Hoja ya #1 haisimami, kwa sababu kwa Wayahudi damu ya binadamu SI sawa na damu ya ng'ombe au kuku. Katika Talmud, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, kitabu cha Keritot, wazee walijadili mtu aliyetokwa damu kwenye fizi. Walisema: ikidondokea kwenye mkate, ikwangue kisha ule, ikiwa bado ipo katikati ya meno, inyonye tu, hakuna tatizo. Damu ya binadamu katazo lake limewekwa na marabi kwa ajili ya macho ya watu, mtu asikuone akakudhania vibaya. Ya kuku imekatazwa na Torati yenyewe. Damu ya samaki nayo inaruhusiwa, ila ukiikinga kwenye bakuli uache na magamba ndani ili mpita njia ajue ni ya samaki.

Kwa hesabu hiyo Juda akimng'ata binadamu kosa lake la CHAKULA ni dogo kuliko angemng'ata kuku.

#13 Mtemi Mdogo
Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Atembee na magamba ya samaki mfukoni, akinyonya mtu anamnyunyizia juu.

#14 Mwana wa Kisumu
Hii ndio nilikuwa nakosa kwa hili jukwaa. #12 endelea mzee.

#15 Karani Mstaafu
Naendelea. Kosa lake kubwa lipo kwenye kuua. Kwao, kuokoa uhai kunaruka karibu amri zote. Unavunja Sabato, unakula nguruwe, unakula siku ya mfungo wa Yom Kippur, ilimradi usife. Zinabaki tatu ambazo ni heri ufe: ibada ya sanamu, zinaa iliyoharamishwa, na kumwaga damu ya mtu. Kuna kisa katika Sanhedrin, kitabu kingine cha Talmud, mtu alikwenda kwa mwanazuoni wa Babeli akamwambia mtawala ameniamuru nimuue fulani, nisipofanya ananiua mimi. Akajibiwa: kubali kufa, usiue. Nani kakwambia damu yako ni nyekundu kuliko yake?

Someni tena hilo swali mkimfikiria vampaya. Kila usiku analazimika kulijibu. Vampaya wa kawaida anajibu ndiyo, yangu nyekundu zaidi, anang'ata, analala. Aliyelelewa na swali hilo ni hatari kwa wenzake, ataanza kuwauliza. Mimi katazo naliona hapo.

#16 Mkazi wa Magomeni
Mzee #15 umeniacha mdomo wazi. Lakini Juda mwenyewe ni mcheza kamari na tapeli, hana habari na Talmud. Hawezi kumuuliza mtu swali la Sanhedrin wakati anadaiwa kila kona.

#17 Daktari Feki
Kwani lazima aue? Israeli huduma ya damu ya taifa iko chini ya Magen David Adom, haohao wa magari ya wagonjwa. Ajipange na watu wa usiku, achukue chupa zilizopita muda. Tatizo limekwisha, na tamthilia imekwisha sehemu ya pili.

#18 Kijana wa Arava
Kule mchangia damu wa mwisho kuwaangusha ni vampaya. Atapewa chai na biskuti kabisa.

#19 Msomaji wa Usiku
Mnacheka, sawa, na tamthilia yenyewe inataka mcheke. Ila mmekwepa jambo lililo wazi kabisa. Wayahudi wamesingiziwa kunywa damu kwa karne nyingi. Ule uzushi kwamba wanaua watoto wa Kikristo na kutumia damu yao kwenye mikate ya Pasaka. Ulianza Lincoln, Uingereza, mwaka 1255, ukasambaa Ulaya nzima. Mpaka 1911 huko Kyiv walimkamata mtu mmoja, Mendel Beilis, karani wa kiwanda cha matofali, wakamweka ndani zaidi ya miaka miwili, ndipo baraza la wazee wa mahakama likamwachia 1913.

Yaani watu ambao sheria yao inatupa yai kwa tone moja ndio walioambiwa wanywa damu. Sasa Zion Baruch anakuja na Myahudi ambaye kweli anakunywa. Hapo ndipo penye ukatili wa kichekesho chenyewe. Na vampaya wanaogopa kumgusa kwa sababu wanajua dunia imeshamaliza kumhukumu. Wakimgeuza, uongo wa miaka 800 unakuwa kweli.

#20 Karani Mstaafu
Lincoln 1255 ni kisa cha mtoto Hugh. Kabla yake kuna Norwich, mtoto William, 1144. Na Papa Innocent wa Nne alikuwa ameshaukemea uzushi huo 1247, miaka 8 kabla ya Lincoln. Haikusaidia. Trent, Italia, 1475, mtoto Simon, Wayahudi wa mji waliteswa na kuuawa, na mtoto akaheshimiwa kama mtakatifu hadi Kanisa lilipofuta ibada yake 1965.

#21 Fundi Saa
1965?? Baba yangu alikuwa ameshaoa.

#22 Bi Shemeji
#19 unaandika vizuri kaka lakini unaipa tamthilia mzigo usiobebeka. Nimeitazama. Kuna wahuni, kuna madeni, kuna mtu anashangaa meno yake kwenye kioo. Ni kichekesho cha majambazi chenye meno. Israeli watu wanachoka na tamthilia za vita na majasusi, mtu akawaletea vampaya kwa Kiebrania, wakafurahi, hata Hulu ya Marekani ikaichukua. Ukimuuliza kijana wa Tel Aviv kuhusu Norwich 1144 atakuuliza ni timu ya ligi gani.

#23 Msomaji wa Usiku
Dada, mtu anaweza asijue tarehe na bado akaujua uchungu. Hata kitabu cha Dracula kina Myahudi mmoja, Hildesheim, anatokea bandarini Galatz karibu na mwisho. Stoker kampa pua ya kondoo na hamu ya kuhongwa, basi. Mtoto wa Kiyahudi anayekua na hadithi hizi anajua aliwekewa kiti gani.

#24 Mwana wa Kisumu
Hii story ya kusingiziwa damu si mbali na sisi. Nyanya yangu alikuwa akiona gari jekundu jioni anatuita ndani mbio. Wazimamoto! Nairobi na Kampala watu waliamini kabisa kwamba askari wa zimamoto wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Kuna mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alizunguka Kenya na Uganda akikusanya hayo masimulizi, kitabu kikatoka 2000.

#25 Bibi Korogwe
Kwetu mumiani. Sisi tuliambiwa ukipita njia ya mkonge peke yako unawekewa kitambaa puani, unaamkia kitandani na mrija mkononi. Mpaka leo kuna wazee hawachangii damu hospitali kwa sababu hiyo. Mjomba wangu alihitaji chupa za haraka, ukoo mzima ukaanza kuangalia dari.

#26 Mtemi Mdogo
Bibi shikamoo. Na kumbuka Malawi 2017, mwaka uleule wa hii Juda. Mulanje na Phalombe watu wameuawa na makundi kwa kushukiwa wanyonya damu, hadi Umoja wa Mataifa ukahamisha wafanyakazi wake. Huko hapakuwa na kichekesho.

#27 Karani Mstaafu
Marahaba kwa niaba yake. Tofauti ni hii: mumiani ana mshahara. Hana kiu. Anakusanya kwa ajili ya bwana fulani, anaingia zamu, anatoka zamu. Vampaya wa Ulaya ana njaa yake binafsi, na mara nyingi ana jumba na cheo. Uzushi dhidi ya Wayahudi unafanana zaidi na wa mumiani, kwamba kuna kikundi kinakusanya kwa siri. Kwa hiyo #19, kumfanya Juda vampaya wa kizungu mwenye njaa yake ni kumtoa kwenye ule uzushi, si kumrudisha humo.

#28 Msomaji wa Usiku
Hoja nzuri. Siikubali, lakini nzuri. Mtu wa kawaida wa 1475 hakutenganisha mwenye njaa na mkusanyaji.

#29 Sheikh Baharia
Karani, swali. Wayahudi wenyewe hawana majini yao ya kunyonya damu? Au wote wamekodishwa Romania?

#30 Karani Mstaafu
Wanao wa kwao, sheikh. Kuna kitabu Sefer Hasidim, cha Ujerumani, kinahusishwa na Rabi Yehuda wa Regensburg aliyefariki 1217. Kinataja wanawake waitwao estrie, wanakunywa damu, wanabadili umbo, nywele zikifunguliwa wanaruka. Ukimjeruhi, anapona akila mkate na chumvi ya yuleyule aliyempiga. Na akifa unatazama kinywa wakati wa kuzika. Kama kiko wazi, kijaze udongo, la sivyo atasumbua mwaka mwingine.

Angalieni vizuri, hawa waliishi katikati ya Wayahudi na waliwanyonya Wayahudi. Hakukuwa na katazo lolote. Katazo ni la waandishi wa tamthilia.

#31 Mkazi wa Magomeni
Kwa hiyo mwenye nyumba unamuomba chumvi baada ya kukupiga shoka? Na anatoa?

#32 Bibi Korogwe
Ukarimu.

#33 Daktari Feki
Mimi naomba kujua ratiba yake. Vampaya hatoki mchana. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, anaamka ndiyo kwanza inaanza, na Jumamosi nzima amelala. Huyo ndiye mtunza Sabato bora duniani, amepumzika kuliko Wasabato wa kwetu.

#34 Mangi wa Kibosho
Lakini sala ya asubuhi hapati kamwe. Na sala zao nyingine zinataka wanaume kumi. Akiwa wa kumi, anahesabika? Amekufa huyo.

#35 Karani Mstaafu
Utani wako una historia, Mangi. Rabi Tzvi Ashkenazi, aliyefariki 1718, alijadili kwa maandishi kama golemu, yule mtu wa udongo, anaweza kuhesabiwa katika wale kumi. Ukoo wake wenyewe ulisimulia kuwa babu yao wa Chelm alitengeneza mmoja. Akaamua hapana, hahesabiki. Lakini golemu hakuzaliwa na mwanamke. Juda amezaliwa, ametahiriwa, ana deni la watu. Mimi ningemhesabu.

#36 Bi Shemeji
Deni limekuwa kigezo cha uhai sasa. Basi humu ndani wote tuko hai sana.

#37 Fundi Saa
Na msalaba? Vampaya anaukimbia. Huyu je?

#38 Mwana wa Kisumu
Hiyo imefanywa kitambo, 1967, filamu ya Roman Polanski. Mwenye hoteli Myahudi, Shagal, anageuka vampaya, msichana anamwonyesha msalaba, jamaa anacheka anamwambia umekosea vampaya. Juda hakuanza leo.

#39 Fundi Saa
Basi wamwonyeshe nyota ya Daudi.

#40 Kijana wa Arava
Kwenye nchi ambayo nyota iko kwenye bendera, gari la wagonjwa na shati la mpira? Angekuwa anaungua kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani. Labda hiyo ndiyo sababu vampaya wa Romania hawataki Myahudi, wanaogopa kutumwa kumfuata kwao 😂

#41 Sheikh Baharia
Mezuza je? Karibu kila mwimo wa mlango wa Myahudi kule una kile kijaluba chenye maneno ya Torati. Na vampaya haingii bila kukaribishwa. Akifika kwa mama yake inakuwaje?

#42 Karani Mstaafu
Kuna waliodhani mezuza inafukuza mashetani, na kuna Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi wa zamani, aliyewakemea vikali walioifanya hirizi. Ukifuata Maimonides, anaingia.

#43 Bibi Korogwe
Mwanangu hata awe na meno kama ya mamba, nitamfungulia. Kitu cha kwanza nitamuuliza mbona amekonda, cha pili atarudisha lini hela yangu.

#44 Mkazi wa Magomeni
Bado sijapata jibu lakini nimeshiba. Tuna Torati, Sanhedrin, uzushi wa damu, kichekesho tu, na nadharia ya bendera ya Kijana wa Arava. #22 bado unashikilia ni kichekesho tu?

#45 Bi Shemeji
Nashikilia. Ila ile ya damu kuwa nyekundu kuliko ya mwenzako imenikaa kichwani tangu jana, Karani umeniharibia kipindi.

#46 Mtemi Mdogo
Mods msiupeleke uzi huu jukwaa la dini, kule watatufungia. Halafu Karani, ile ya fizi na mkate nimemsimulia mchungaji wetu, anataka namba ya ukurasa.

#47 Karani Mstaafu
Keritot 21b hadi 22a. Mwambie asisome wakati wa kula.